Baiskeli za Kikosi cha 25

Ukitaka kuona watu wakibishana, taja baiskeli ya safari ndefu. Huyu atakutajia gia ishirini na moja, yule wepesi wa fremu, wa tatu atakwambia bora Phoenix, fundi wake yupo kila kijiji. Rafiki yangu mmoja anataka kwenda Mbeya kwa baiskeli kutoka Dar es Salaam, na mpaka leo hajaamua anunue ipi. Nikamwambia: kabla hujatoa hela yako, sikia kwanza habari za askari ishirini wa Montana.

Miaka ya 1890 Marekani ilishikwa na wazimu wa baiskeli, na jeshi nalo halikupona. Katika ngome ya Fort Missoula, Montana, alikuwapo luteni kijana, Mzungu, jina lake James Moss. Huyu alimaliza wa mwisho kabisa katika darasa lake la chuo cha kijeshi cha West Point mwaka 1894. (Wenzangu wa divisheni ziro, msikate tamaa.) Askari wake walikuwa weusi, wa Kikosi cha 25 cha askari wa miguu, maana enzi hizo jeshi liliwatenga weusi katika vikosi vyao, na maofisa wao walikuwa karibu wote Wazungu. Hoja ya Moss ilikuwa rahisi tu: farasi anakula, anakunywa, anachoka, tena anapiga kelele. Baiskeli haidai majani.

Mwaka 1896 wakajaribu safari fupi fupi milimani, na matope yakawafundisha adabu. Kwa hiyo mwaka 1897, walipojiandaa kwenda St. Louis, maili 1,900, yaani kama kilomita 3,000, Moss alijua anachotaka. Kampuni ya Spalding ikawapa baiskeli bila malipo. Zama hizo baiskeli nyingi za Marekani zilikuwa na ringi za mbao, nyepesi na nzuri kwa kutambia mjini. Hizi ziliwekwa ringi za chuma. Uma wa mbele ukaimarishwa, mnyororo ukafunikwa usile matope, ikafungwa karia, na katikati ya fremu sanduku la chakula. Blanketi na nusu ya hema vilifungwa kwenye usukani. Gia ilikuwa moja tu. Baiskeli tupu ilikuwa na ratili 32, kama kilo 14 na nusu. Ikishapakiwa, ratili 59 hivi, karibu kilo 27. Hapo hujahesabu bunduki na risasi 50 za kila askari.

Angalia basi: mtu aliyetaka kufika mbali alikubali uzito. Jambo jingine ambalo wabishi wetu hulisahau ni fundi. Katika wale ishirini alikuwamo askari John Findley, aliyewahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha baiskeli huko Chicago. Bila mtu wa namna hiyo, ringi za chuma zingewasaidia nini?

Waliondoka tarehe 14 Juni. Udongo wa Montana ukinyeshewa hugeuka gundi. Magurudumu yalikataa kuzunguka, watu wakabeba baiskeli badala ya baiskeli kuwabeba. Nebraska kulikuwa na mchanga, jua kali na maji ya magadi yaliyowaumiza matumbo. Hapo hakuna baiskeli iliyofaa, iwe ya Spalding au ya nani. Walipita juu ya mataruma ya reli, wakisukuma. Tarehe 24 Julai wakaingia St. Louis. Siku za mwendo wenyewe zilikuwa 34, wastani wa maili 56 kwa siku. Si mchezo.

Moss alitaka kuendelea na majaribio, jeshi likakataa. Vita na Hispania vikaja mwaka 1898, na habari ya baiskeli ikazimika. Walirudi kwa treni.

Lakini mimi, ninayeota kuandika riwaya, siku hizi namfikiria zaidi Sajini Mingo Sanders kuliko hizo ringi. Alikuwa na miaka karibu arobaini, mkubwa kuliko luteni wake, na njia nzima alipiga pedali kama vijana. Uzito wa baiskeli yake tunaujua mpaka ratili ya mwisho, kwa sababu ripoti iliandikwa na Moss. Alichokiwaza Sanders pale mchangani itabidi mtu akibuni.

Mwaka 1906 risasi zilipigwa usiku katika mji wa Brownsville, Texas, mtu mmoja akafa. Wenyeji wakawashutumu askari wa Kikosi cha 25. Rais Theodore Roosevelt akawafukuza jeshini 167, bila kesi na bila pensheni. Sanders alikuwa mmojawapo, akiwa ametumikia tangu mwaka 1881. Jeshi lilikuja kuwasafisha mwaka 1972. Yeye alikuwa amekufa tangu 1929.