Freni za gari: angalia nyumbani mbele ya mteremko

Matope ya barabara zetu, na vumbi nyeusi ya mawe ya volkano pale Goma, hushika ndani ya magurudumu na kuficha freni iliyoisha. Dereva anakuja kujua akiwa tayari kwenye mteremko wa Ngomo, kati ya Bukavu na Uvira.

Ngoja freni zipoe, kisha osha kwa maji, sabuni na burashi. Usipulize vumbi ya freni, inaharibu mapafu. Mazuti ao grisi isiguse diski, freni itateleza.

Chungulia plaketi: ikibakia chini ya milimita 3, badilisha za magurudumu yote mawili, kushoto na kuume. Likidi ikipungua, ni plaketi zimeisha ao kuna penye inavuja. Pedali ikiingia laini mpaka chini, gari isitoke: ita fundi.