Programu ya michoro katika mtandao wa pamoja: Jinsi ofisi na vyuo vya Kisii na Nyamira vinavyoweza kuepuka hasara

KIPANDE cha ardhi kinachouzwa sana pembezoni mwa miji ya Kisii, Ogembo, Keroka na Nyamira ni kile cha futi 50 kwa 100. Mnunuzi akikipima kwa mita atapata 15.24 kwa 30.48, yaani mita mraba 465 hivi. Lakini mchoro wa ploti hiyo, ukichorwa kwa futi kisha ukafunguliwa katika tarakilishi iliyopangwa kuhesabu kwa mita, husoma mita mraba 5,000. Ardhi imeongezeka karibu mara 11, na hakuna aliyesogeza hata jiwe moja la mpaka.

Kosa la aina hii halitokani na ujinga wa mchoraji. Hutokana na ofisi kuwa na tarakilishi 5 au 10 zilizounganishwa kwa mtandao mmoja, kila moja ikiwa imepangwa kivyake na aliyeitumia mara ya mwisho. Katika eneo ambalo sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Kaunti ya Nyamira, na ambako shamba la babu limekwisha kugawanywa kwa wana na wajukuu, hatua mbili za ardhi zinatosha kuwapeleka ndugu mahakamani.

Programu inayotumiwa zaidi katika kazi hii ni AutoCAD, ambayo kampuni ya Autodesk ya Marekani iliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1982. Huhifadhi michoro katika faili za aina ya DWG, na wapima ardhi, wasanifu wa majengo na wahandisi hupokezana faili hizo kama vile mawakili wanavyopokezana hati. Programu nyingine zipo, lakini mengi yanayoelezwa hapa yanazihusu pia.

Jambo la kwanza analopaswa kulifanya msimamizi wa mtandao ni kuandaa kiolezo kimoja, yaani mchoro mtupu ambao kila kazi mpya huanzia. Ndani ya kiolezo hicho huwekwa kipimo cha urefu (mita, kwa kazi za ardhi nchini Kenya leo), majina na rangi za matabaka ya mchoro, unene wa mistari, maandishi na fremu ya karatasi. Matabaka hapa ni kama karatasi nyembamba zilizopangwa moja juu ya nyingine: mipaka katika moja, barabara katika ya pili, mabomba ya maji katika ya tatu. (Yasichanganywe na Tabaka, mji wa wachonga mawe ya sabuni, ingawa wachongaji nao hujua thamani ya kupima kabla ya kukata.) Kiolezo huwekwa kwenye seva, na kila tarakilishi huelekezwa huko kupitia sehemu ya mipangilio ya programu.

Kipimo cha urefu kina kigezo chake ndani ya AutoCAD kiitwacho INSUNITS. Kigezo hiki ndicho huiambia programu ikuze au ipunguze mchoro unapoingizwa ndani ya mwingine. Kikiachwa bila thamani, programu hukisia, na makisio yake hayamjui mnunuzi wa ploti. Ni muhimu zaidi nchini Kenya kwa sababu ramani nyingi za zamani zilichorwa kwa mfumo wa Cassini, unaohesabu kwa futi, ilhali kazi za baadaye hutumia mfumo wa UTM, unaohesabu kwa mita. Ofisi moja ya upimaji inaweza kuwa na faili za mifumo yote miwili katika folda moja.

Hapa pana mtego ambao huwanasa hasa wanafunzi. Kisii na Nyamira zimo katika ukanda wa 36 kusini wa UTM. Mji wa Kisii uko takriban mita 697,000 kwa hesabu ya mashariki na mita 9,925,000 kwa hesabu ya kaskazini, kwa kuwa ikweta yenyewe hupewa 10,000,000. Mchoraji anayefungua faili na kuona kiwambo kitupu, kwa sababu mchoro uko mbali mno na sifuri, hushawishika kuuburura hadi kwenye pembe ya sifuri ili aufanyie kazi kwa urahisi. Akiuhifadhi hivyo, shamba lile halipo tena Gusii. Haliko popote duniani. Dawa yake ni kumfundisha amri ya kukuza hadi mchoro wote uonekane, na kuiweka ramani ya msingi katika folda ambayo watumiaji wa kawaida wanaweza kuisoma tu bila kuibadilisha.

Suala la nani aruhusiwe kufanya nini ndilo linalowasumbua wasimamizi wengi. Kwa ujumla, folda ya violezo, fonti na mitindo ya uchapishaji yafaa iwe ya kusoma tu kwa wote isipokuwa mtu mmoja au wawili. Folda za kazi ni tofauti. Baadhi ya wasimamizi huwapa wachoraji ruhusa ya kuandika lakini huwanyima ya kufuta, wakidhani wanalinda michoro. Matokeo yake ni kwamba mchoro unakataa kuhifadhiwa, kwa maana AutoCAD haiandiki juu ya faili ya zamani moja kwa moja: huandika faili ya muda, huigeuza ile ya awali kuwa nakala yenye kiambishi BAK, kisha huipa mpya jina la zamani. Bila ruhusa ya kufuta na kubadilisha majina, mlolongo huo hukatika katikati. Ulinzi dhidi ya wanaofuta ovyo hupatikana kwa kuweka nakala za akiba kila usiku katika chombo tofauti na seva, si kwa kunyima ruhusa.

Mchoro unapofunguliwa, programu huweka kando yake faili ndogo ya aina ya DWL inayotaja ni nani ameufungua na kutoka tarakilishi ipi. Mtu wa pili akiufungua huambiwa kwamba anaweza kusoma tu. Huo ni ustaarabu unaofaa kuheshimiwa, lakini stima ikipotea ghafla, faili hiyo hubaki na kumzuia hata mwenye kazi. Inaweza kufutwa kwa mkono baada ya kuhakikisha kwamba kweli hakuna aliyeufungua. Kuifuta bila kuuliza ni kuwaruhusu wawili kuandika juu ya kazi moja, na wa mwisho kuhifadhi ndiye atakayebaki.

Kuhusu kupotea kwa stima, jambo ambalo msimu wa mvua na radi katika nyanda za Gusii huwakumbusha watu mara nyingi, programu hujihifadhia nakala ya muda kila baada ya dakika kadhaa. Muda wa kawaida ni dakika 10. Dakika 5 zafaa zaidi. Nakala hizo ziwekwe katika diski ya tarakilishi ya mtumiaji mwenyewe, si kwenye seva, ili mtandao usielemewe na ili kazi isipotee seva ikizimika. Fedha zikiwa chache, betri ya akiba inunuliwe kwanza kwa ajili ya seva na swichi ya mtandao.

Njia za kufikia faili nazo huleta taabu ambayo haionekani mapema. Mchoro wa jengo mara nyingi huurejelea mwingine, kwa mfano ramani ya ploti. Ikiwa tarakilishi moja inaiita folda ya seva diski Z na nyingine inaiita diski H, marejeleo hayo hukatika, na mhandisi hupokea jengo lisilo na ardhi chini yake. Ni heri kutumia jina kamili la seva, au marejeleo yanayohesabiwa kutoka pale mchoro ulipo. Ofisi inayotuma kazi Nairobi yafaa ifunge pamoja mchoro, marejeleo na fonti kwa amri ya eTransmit, la sivyo maandishi yatabadilika umbo na kuingia juu ya mistari.

Upande wa leseni umebadilika sana. Kwa miaka mingi ofisi iliweza kununua, tuseme, leseni 5 na kuziweka kwenye seva moja ili watu 12 wazitumie kwa zamu. Seva hiyo ilitambuliwa kwa jina lake na namba ya kadi yake ya mtandao, hivyo kubadilisha kadi kulizima ofisi nzima hadi faili mpya ya leseni ipatikane. Mwaka 2016 Autodesk iliacha kuuza leseni za kudumu, na mwaka 2020 ikaanza kuziacha zile za pamoja na kuhamia leseni inayofungwa kwa jina la mtumiaji. Ofisi ndogo inayowapokezana wachoraji ilipata hasara katika mabadiliko hayo, na lawama hizo zina msingi. Vyuo vina nafuu: tangu 2014 kampuni hiyo huwapa wanafunzi na walimu programu zake bila malipo kwa matumizi ya masomo pekee. Taasisi kama Kisii National Polytechnic, iliyojulikana zamani kama Gusii Institute of Technology, zinaweza kufaidika na mpango wa aina hiyo, mradi michoro ya wateja isichorwe humo.

Wanaokimbilia nakala zilizovunjwa kufuli wakumbuke kisa cha 2012, ambapo kampuni ya usalama ya ESET iligundua kirusi kilichoitwa ACAD/Medre.A. Kilienea hasa nchini Peru, kikajificha katika folda za michoro kama faili ya acad.fas, na kila mchoro uliofunguliwa kilituma nakala yake kwa anwani za barua pepe nchini Uchina. Kilitumia tabia ya programu ya kupakia maagizo yaliyo kando ya mchoro bila kuuliza. Matoleo ya kuanzia 2014 yana kigezo cha SECURELOAD kinachoizuia tabia hiyo. Katika mtandao wa pamoja kisizimwe kamwe, na orodha ya folda zinazoaminika iwe na ile ya seva isiyoandikika pekee.

Kwa asiye na fedha, LibreCAD ni ya bure na inatosha kwa michoro ya vipimo viwili, ingawa huelewana vyema na faili za DXF kuliko za DWG. QGIS, nayo ya bure, inafaa kwa ramani za mipango, kazi ambayo Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 iliwekea kila kaunti kwa kuitaka iwe na mpango wa miaka 10 wa matumizi ya ardhi unaotegemea ramani za kidijitali.

Faida ya chanzo kimoja huonekana waziwazi Keroka, mji ambao kaunti za Kisii na Nyamira zimezozania mpaka wake, na ushuru wa soko lake, tangu ugatuzi uanze mwaka 2013. Hakuna mpangilio wa tarakilishi utakaoumaliza mzozo huo. Hata hivyo, ofisi inayochora duka la Keroka yafaa iuweke mstari wa mpaka katika tabaka lake pekee, ulioletwa kama rejeleo kutoka faili moja iliyofungwa, yenye tarehe na jina la ramani ulikotolewa. Mpaka ukiamuliwa upya, faili moja itabadilishwa, na michoro yote inayoirejelea itaufuata mstari mpya itakapofunguliwa.