Tarehe ya Mashine za Michezo, Kama Zilivyofika Nakuru

Katika vibanda vya mabati vya Kaptembwo, Rhonda na Bondeni, mjini Nakuru, neno "PS", kifupi cha PlayStation, limekwisha kuwa jina la mashine, la mchezo wenyewe, na hata la mahali panapochezewa, hata mtoto aliyetumwa dukani akachelewa huulizwa kwanza kama alipitia PS; nami sioni hoja iliyo wazi zaidi ya kuonyesha ni nani aliyeshinda huku kwetu, katika vita vya biashara vilivyopiganwa mbali sana na Bonde la Ufa.

Asili ya vita hivyo ni mapatano yaliyovunjwa. Nintendo ya Kyoto, iliyoanza mwaka 1889 kwa kutengeneza karata, na iliyotawala soko tangu ilipotoa mashine yake ya Famicom mwaka 1983, ilikuwa imepatana na Sony kuunda mashine ya diski. Lakini mwaka 1991, siku moja tu baada ya Sony kuitangaza mashine hiyo huko Chicago, Nintendo ikatangaza kwamba imeungana na Philips ya Uholanzi. Sony ikaimeza fedheha hiyo, na Desemba 1994 ikatoa PlayStation yake yenyewe. Sega, mshindani wao mwingine, ilielemewa na hasara hata ikaacha kuunda mashine mwaka 2001, na mwaka huo huo Microsoft ikaingia na Xbox.

Nakuru haikuyapokea mambo haya kwa mpango huo. Zilitangulia mashine za Kichina zilizoiga Famicom, zenye katriji za manjano, na hivyo kampuni iliyowafundisha watoto wengi kushika padi haikujulikana kwao hata kwa jina.

Iliyojenga biashara ni PlayStation 2 ya mwaka 2000, iliyouzwa duniani zaidi ya milioni 155, na ambayo iliendelea kuundwa hata mwisho wa mwaka 2012, ingawa mrithi wake alikwisha kutoka mwaka 2006 kwa bei iliyofikia dola 599 na kuitia idara ya michezo ya Sony hasarani. Ilipatikana iliyokwisha tumika, ilisoma diski za kunakiliwa baada ya kutiwa chipu, na ilikuwa na mpira, ambao ndio aliotaka kijana mwenye shilingi ishirini zake. Zaidi ya hayo, ilitengenezeka. Katika mji huu, ambao jina lake husemwa kuwa latokana na neno la Kimaasai la vumbi, diski ikianza kukwama fundi hufungua kifuniko, akachovya pamba katika spiriti, akaipangusa lenzi polepole kama apanguzaye jicho la mgonjwa, na mechi ikaendelea.

Xbox 360 ilipopatwa na maradhi ya joto, Microsoft ilitenga zaidi ya dola bilioni 1 mwaka 2007 kwa matengenezo, lakini dhamana ya namna hiyo haifiki kibandani. Wii ya Nintendo ilipita milioni 100 duniani, ilhali hapa wachache waliiona.

Habari za makampuni haya zimeandikwa sana. Basi nawaomba wanaoandika habari za Nakuru, iliyopata hadhi ya jiji Desemba 2021, wawaandike na mafundi hawa wa lenzi na bisibisi, maadamu wangali hai na wanakumbuka.