Kiongozi Anapokosea: Maonyo ya Kindugu

Katekista akifundisha isivyo sahihi, au mwenyekiti wa Jumuiya akitoa uamuzi usio wa haki, waamini wengi hunyamaza mbele yake na kumsema akiisha kuondoka. Kanisa linafundisha njia nyingine: maonyo ya kindugu.

Utaratibu wake aliuweka Yesu mwenyewe (Mt 18:15-17): kwanza faraghani, kisha pamoja na shahidi mmoja au wawili, na mwisho mbele ya Kanisa. Cheo hakimwondolei mtu haja ya kuonywa. Huko Antiokia, Petro alipojitenga na Wakristo wa mataifa kwa kuwaogopa waliotahiriwa, Paulo alimpinga ana kwa ana mbele ya wote, kwa kuwa kosa hilo lilikwisha kuwavuta wengine (Gal 2:11-14). Hata hivyo hakuukana utume wa Petro.

Mtakatifu Thoma wa Akwino afundisha kwamba aliye chini aweza kumwonya mkubwa wake, ila kwa upole na heshima. Nayo Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 212, yawapa waamini haki, na pengine wajibu, wa kuwaeleza wachungaji maoni yao kwa ajili ya mema ya Kanisa.

Basi, kabla ya kumwendea kiongozi, hakikisha ulichosikia, chunguza nia yako, na umwombee. Lakini unyanyasaji wa mtoto haumalizwi faraghani kamwe: upelekwe kwa Askofu na kwa vyombo vya dola bila kukawia. Upendo kwa wadogo wadai hivyo.