Don Bosco na Mchezo wa Vijana

Noeli ikikaribia, vijana katika parokia nyingi hukusanyika kutayarisha mchezo wa kuzaliwa kwa Bwana wetu. Sisi wakubwa tunauhesabu mara nyingi kuwa kitu cha kufurahisha watoto tu. Mtakatifu Yoane Bosco hakuuhesabu hivyo. Kwake mchezo ulikuwa shule. Basi tutazame habari zake.

Alizaliwa tarehe 16 Agosti 1815 huko Becchi, kaskazini ya Italia. Tangu utoto alijua kuvuta watu: alitembea juu ya kamba, alifanya viinimacho, na watazamaji walisali rozari pamoja naye. Mwaka 1841 alipewa upadri katika mji wa Torino. Huko alikuta vijana wengi waliotoka vijijini na milimani kutafuta kazi. Wengine walibeba mawe na chokaa kwa waashi, wengine walisafisha mabomba ya moshi. Walikuwa wageni wao kwa wao, na kila mmoja alijitafutia chakula chake. Wakati wa Pasaka ya mwaka 1846 Don Bosco alipata banda maskini katika mtaa wa Valdocco. Vijana wale walikuwa na mahali pa kusali, pa kujifunza na pa kucheza. Na baadaye wakawa na jukwaa pia.

Mwaka 1849 jambo jipya lilikuwa linaikaribia nchi ile. Serikali ilikuwa imeamuru watu waache vipimo vya kale, kama raso ya kupimia nguo, washike mita, lita na kilo. Watu wengi walichanganyikiwa. Don Bosco alikuwa ameandika kitabu kidogo juu ya vipimo hivyo. Tena akatunga mazungumzo, akawapa vijana wake wayacheze mbele ya watu. Mmoja anauliza, mwenzake anajibu. Hivyo watazamaji walicheka, na katika kucheka walijifunza hesabu.

Fikirini kazi ya mchezo wa namna hii. Anayejibu hawezi kujibu kama mwenzake hajauliza. Akisema upesi mno, anamwangusha mwenzake. Akisahau, wote wananyamaza. Kijana aliyezoea kujitegemea peke yake anajifunza hapo kungoja, kusikiliza, na kumsaidia aliyekwama.

Katika kanuni za nyumba zake, zilizochapwa mwaka 1877, Don Bosco aliweka sura nzima juu ya mchezo. Alitaka uwe mfupi, wenye furaha na mafundisho mema. Wachezaji wachaguliwe kati ya vijana wenye mwenendo mwema. Lakini mara kwa mara wenzao washike nafasi zao, ili wote watiwe moyo. Neno hili la mwisho ni dogo, lakini sisi lilitugusa sana.

Maana sisi wenyewe tulikosa hapo. Miaka mitatu mfululizo tulimpa kijana mmoja nafasi ya Yosefu, kwa sababu alisoma vizuri kuliko wengine. Mwaka wa nne aligombana na wenzake, na jioni ya mchezo hakuja. Akina mama walikuwa wameketi tayari, na watoto magotini. Tuliwaomba radhi, wakaenda zao. Kesho yake kijana mwingine, ambaye siku zote tulimpa kazi ya kushika taa tu, alituambia kwamba maneno yote ya Yosefu aliyajua kwa moyo. Tukamwuliza: «Mbona hukusema?» Akajibu: «Mwalimu, hamkuniuliza.»

Wana wa Don Bosco walifika Katanga mwaka 1911, katika mji uitwao leo Lubumbashi. Basi mtakatifu huyu si mgeni kwetu. Katika parokia zetu pia wamo vijana waliotoka mbali, wengine wamekimbia vita, na lugha zao ni mbalimbali. Mtakatifu Paulo aliwafundisha Wakorinto kwamba mwili ni mmoja na viungo ni vingi. Vijana husikia somo hilo kanisani; katika mchezo hulifanya kwa mikono yao na sauti zao.

Ndugu walimu, kidole kimoja hakivunji chawa. Mwaka huu, kabla ya kugawa nafasi, tumwulize kwanza yule anayeshika taa.