Mshika Masurufu ya Jeshi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Ndugu Waislamu,

Tusomapo habari za vita huwatazama zaidi washika panga, tukamsahau aliyekabidhiwa masurufu, yaani chakula na wanyama wa safari. Leo tumtazame huyo katika safari ya Masahaba 300 walioongozwa na Abu Ubayda bin Al-Jarrah (r.a.) kwenda pwani ya Bahari ya Sham kuuvizia msafara wa Makureshi. Wanahistoria wengi huitia safari hiyo katika mwaka wa 8 wa Hijra (629).

Njiani chakula kikapunguka. Abu Ubayda akaamuru kila mtu alete alichonacho, vyote vikusanywe pamoja. Ikapatikana mifuko miwili ya tende. Akawa akiwagawia kidogo kidogo kila siku, hata sehemu ya mtu ikawa tende moja. Jabir bin Abdillah (r.a.), aliyekuwamo jeshini, aliulizwa baadaye tende moja iliwafaa nini, akajibu kuwa thamani yake waliijua ilipokosekana. Wakawa wakipukutisha majani ya miti kwa fimbo na kuyala; ndipo likaitwa Jeshi la Khabat, yaani la majani yaliyopukutishwa.

Qays bin Saad, mtu karimu, akawachinjia wenzake ngamia watatu, kisha watatu, kisha watatu tena. Abu Ubayda akamkataza. Watu wana njaa, nyama ipo, na amiri anazuia! Sisi twaiona hekima yake: ngamia akiliwa leo, kesho nani atawarudisha Madina?

Kisha bahari ikatupa ufukweni samaki mkubwa mno, aitwaye anbar. Wakamla siku nyingi, miili ikarejewa na nguvu, na nyama nyingine wakaifikisha Madina, na Mtume (s.a.w.) akaila.

Ndugu zetu, samaki yule alikuwa rizki itokayo kwa Mola. Lakini kabla hajafika, jeshi liliishi kwa tende zilizogawanywa kwa uadilifu. Si ajabu kuwa mgawaji ndiye Mtume (s.a.w.) aliyemwita Mwaminifu wa umma huu.

Basi mwenye ufunguo wa ghala, mweka hazina wa chuo, na mama apimaye unga nyumbani, wote wameshika amana ile ile. Mwenyezi Mungu atujaalie kuitimiza. Amin.