Mtoto wa vita anahitaji nini? Somo kutoka London, Kampala na Goma

Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka, wakaazi wa sehemu kubwa ya mji wa Goma waliamriwa kuondoka. Watu walibeba magodoro, bidoni na masufuria, wakaelekea Sake, Minova, Rutshuru, na wengine wakavuka mpaka kuingia Rwanda. Katika msongamano ule, watoto wengi walipotezana na wazazi wao. Wazee wa Goma walikumbuka Julai 1994, wakati karibu wakimbizi milioni moja walipoingia kutoka Rwanda kwa siku chache tu. Kipindupindu kiliua watu maelfu, na mashirika yakaanza kuandikisha watoto waliobaki peke yao ili watafutiwe jamaa zao.

Kila baada ya kukimbia, wazazi hujiuliza jambo lile lile. Mtoto ametoka mzima, hana jeraha, lakini amegeuka. Analia usiku, anakojoa kitandani, anapiga wenzake, au amenyamaza kabisa. Je, ni milio ya silaha iliyomharibu? Au amekosa adabu? Swali hili lilichunguzwa zaidi ya miaka 80 iliyopita, katika mji mwingine uliokuwa chini ya mabomu.

Watoto wenye vibandiko

Tarehe 1 Septemba 1939, siku Ujerumani iliposhambulia Polandi, serikali ya Uingereza ilianza kuhamisha watoto kutoka miji mikubwa. Kwa muda wa siku tatu, karibu watu milioni moja na nusu walipelekwa sehemu za vijijini. Wengi walikuwa wanafunzi waliopanda treni pamoja na walimu wao, bila wazazi, kila mmoja akiwa na kibandiko chenye jina lake. Walipofika, mara nyingi wenyeji walisimama na kuchagua nani atakwenda na nani.

Nia ilikuwa njema, yaani kuwaepusha na mabomu. Lakini malalamiko yalianza mara moja. Wenyeji walisema watoto wa mjini wanakojoa kitandani na hawakufunzwa kwao. Si wengi waliojiuliza kama mtoto huyo alikojoa kitandani pia alipokuwa akilala karibu na mama yake.

Mabomu yenyewe yalianza kuanguka kwa wingi London tarehe 7 Septemba 1940, na mji ukapigwa usiku 57 mfululizo. Wakati huo, mwanamke aitwaye Anna Freud alifungua makao ya watoto katika mtaa wa Hampstead pamoja na rafiki yake Mmarekani, Dorothy Burlingham. Anna naye alikuwa mkimbizi. Mwaka 1938 alitoroka Vienna pamoja na baba yake, daktari Sigmund Freud, kwa sababu walikuwa Wayahudi na Wanazi walikuwa wameiteka Austria.

Katika makao yale, kila mfanyakazi aliombwa kuandika kwenye karatasi ndogo yale aliyoyaona kwa watoto. Hata James Robertson, aliyeajiriwa kuangalia moto wa kupasha nyumba joto, aliandika. Baadaye yeye mwenyewe akawa mtu mashuhuri katika kazi ya kutetea watoto waliolazwa hospitalini bila wazazi.

Karatasi zile zilionyesha jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Mtoto mdogo aliyepitia mabomu akiwa mikononi mwa mama yake, na mama mwenyewe akiwa ametulia, mara nyingi hakubaki na hofu kubwa. Mama aliyetetemeka alikuwa na mtoto anayetetemeka. Lakini mtoto aliyepelekwa mahali salama, mbali na watu wake, ndiye aliyerudi nyuma: aliyekwisha kusema aliacha kusema, aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani alianza tena.

Kwa sababu hiyo Anna Freud na Dorothy Burlingham walibadilisha utaratibu. Wazazi waliruhusiwa kuja saa yoyote. Kisha watoto waligawanywa katika vikundi vidogo, kila kikundi na mlezi wake mmoja, kama familia. Mwanzoni kulikuwa na kilio na wivu, kila mtoto akimtaka mlezi wake kwa ajili yake peke yake. Baada ya muda, watoto walewale walianza kusema vizuri zaidi na kujifunza usafi haraka zaidi.

Wezi 44

Mwaka 1944, daktari John Bowlby wa London alichapisha uchunguzi juu ya watoto 44 waliokamatwa na tabia ya kuiba. Kati yao, 14 walionekana kutomjali mtu yeyote. Katika hao 14, 12 walikuwa wametengwa na mama zao kwa muda mrefu walipokuwa wadogo sana. Mwaka 1951 Bowlby aliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti iliyosomwa katika nchi nyingi, juu ya hatari ya kumnyima mtoto malezi ya kudumu.

Wengine walimkosoa, na walikuwa na haki. Mwaka 1972 Michael Rutter, daktari wa watoto wenye shida za akili, alionyesha kwamba mambo si mepesi hivyo. Mtoto anaweza kushikamana na baba, bibi, dada mkubwa au mlezi mwingine. Tena, mafarakano ndani ya nyumba yanaweza kumharibu mtoto kuliko kutengana kwenyewe.

Vijiji karibu na Kampala

Somo hili halikubaki Ulaya. Mwaka 1954 Mary Ainsworth, aliyekuwa amefanya kazi na Bowlby, alifika Uganda. Kwa miezi kadhaa alitembelea familia 26 katika vijiji vilivyo karibu na Kampala, akikaa na akina mama na watoto wachanga sebuleni mwao, pamoja na mkalimani wa Kiganda.

Aliona mtoto akitambaa kwenda kuchungulia mlango, kisha akirudi kumgusa mama, kisha akienda mbali zaidi. Mama alikuwa kama kituo, na kwa kuwa kituo kipo, mtoto alithubutu kutembea. Aliona pia kwamba watoto wa mama aliyejua kusoma kilio cha mtoto wake, cha njaa, cha usingizi au cha hofu, walilia kidogo zaidi. Kumwitikia mtoto hakukumfanya awe wa kudeka. Kulimpa nguvu ya kujitegemea. Kitabu cha Ainsworth juu ya Uganda kilitoka mwaka 1967, na yale aliyoyaona pale yakawa msingi wa elimu ya malezi inayofundishwa hadi leo.

Na kwetu Kongo?

Mashariki mwa Kongo inajua gharama ya mtoto asiye na mtu. Katika vita vya mwaka 1996 na 1997, wakaazi waliwaona kadogo, watoto wenye bunduki ndefu kuliko wao. Wengine walichukuliwa kwa nguvu, wengine walifuata wenyewe. Kwa mtoto aliyepoteza watu wake, kikundi cha silaha kinaweza kuonekana kama jamaa mpya: kina mkubwa wa kumpa amri, chakula na jina.

Leo, chini ya shitingi za kambi, mtoto anayekojoa kitandani au kupiga kelele usiku bado huchapwa, na wengine huitwa wachawi. Sheria nambari 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inaadhibu mtu anayemshitaki mtoto kwa uchawi. Na historia ya London inaonyesha kwamba tabia ile ni habari anayoleta mtoto, kabla ya kuwa kosa.

Mzazi aliyehamishwa hawezi kunyamazisha mizinga wala kuongeza unga katika mgao. Bado kuna kazi iliyo mikononi mwake. Akienda shambani au kutafuta makala, amwambie mtoto anakwenda wapi na atarudi wakati gani, asimtoroke akiwa amelala. Ikiwa lazima mtoto abaki kwa bibi au kwa mama mdogo, abaki na mtu mmoja anayemfahamu, pamoja na ndugu zake, asizungushwe kila wiki hema hadi hema. Na kila jioni amfundishe kusema jina lake lote, la baba, la mama na la kijiji walikotoka. Watafutaji wa jamaa wakimkuta mtoto barabarani, majina hayo ndiyo mambo ya kwanza wanayomwuliza.